Srinivasa Ramanujan: karani wa bandari na namba zenye vigawo vingi

Mtu wa Mute, wilayani Palma, akirudi nyumbani na samaki 12, anaweza kuwagawa kwa watu wawili, watatu, wanne au sita bila kumkata samaki hata mmoja. Akiwa na samaki 13, mambo huharibika: ama awachukue wote peke yake, ama atafute watu 13. Kiswahili huiita namba ya namna hiyo namba tasa, yaani isiyozaa, na jina hilo limekaa mahali pake, kwa kuwa 13 haina kigawo kingine ila 1 na yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 2,000 wanahisabati wamezifuata mno zile tasa. Aliyegeuka akazitazama kwa undani zile zenye uzao mwingi kupita nyingine alikuwa karani wa bandari kutoka ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, mtu asiye na shahada, ambaye hakufika umri wa miaka 33.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa Desemba 22, 1887, katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa wazazi wa mama yake. Alikulia Kumbakonam, mji wa mahekalu katika nchi ya Watamil. Baba yake alikuwa karani katika duka la kuuza sari. Mama yake, Komalatammal, aliimba nyimbo za ibada hekaluni na kuleta nyumbani chochote alicholipwa. Walikuwa Mabrahmini, watu wa tabaka la juu kwa heshima, lakini heshima hiyo haikununua mchele.

Shuleni alikuwa wa kwanza, na zawadi alizipata. Alipokuwa na umri wa miaka kama 15 au 16 akaazimwa kitabu cha Mwingereza George Shoobridge Carr, chenye kanuni za hisabati zipatazo 5,000 zilizopangwa moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa hazina maelezo ya jinsi zilivyopatikana. Kwa mwanafunzi wa kawaida kitabu cha aina hiyo ni kikavu kama magamba ya mnazi. Ramanujan alikisoma kama mtu anayepewa majibu na kutakiwa atafute maswali. Alizitengeneza upya kanuni zile kwa njia zake mwenyewe, kisha akaanza kuandika za kwake. Tabia ya Carr ya kutoa jibu bila njia ikamwingia, na baadaye ikaja kumgharimu.

Mwaka 1904 alipata nafasi ya kulipiwa masomo katika chuo cha serikali cha Kumbakonam. Nafasi hiyo haikudumu. Hisabati ilimmeza kiasi kwamba masomo mengine, Kiingereza kikiwa mojawapo, aliyaacha yamwangushe, na fedha za masomo zikakatwa. Kijana akatoroka nyumbani. Mwaka uliofuatia akajaribu tena katika chuo kingine mjini Madras, akashindwa tena, akarudi kwao mgonjwa. Hakupata cheti chochote cha chuo nchini mwake kwa kufanya mtihani. Mwaka 1909 mama yake akamwoza Janaki, binti wa miaka kama 10, kama ilivyokuwa desturi ya watu wao wakati ule. Miaka ikapita kabla binti huyo hajahamia kwa mumewe. Kijana wa miaka 21 akawa sasa ana mke, hana kazi, na ana madaftari.

Karatasi ilikuwa ghali. Ramanujan alifanya hesabu zake juu ya kibao cha jiwe, akiandika kwa chaki na kufuta kwa kiwiko cha mkono, na daftarini akaingiza jibu la mwisho tu. Aliyepita chuoni akaandika aya juu ya ubao, akaufuta ili aandike nyingine, anaifahamu hali hiyo. Tofauti ni kwamba kile anachofuta mtoto wa chuo kimehifadhiwa kifuani mwa mwalimu na katika msahafu. Alichofuta Ramanujan hakikuwa mahali pengine popote, na hadi leo wapo wanahisabati wanaotumia miaka ya maisha yao kuitafuta upya njia iliyofutwa na kiwiko kile.

Mwaka 1911 jarida la Chama cha Hisabati cha India lilichapisha makala yake ya kwanza. Mtumishi mmoja wa serikali mpenda hisabati, Ramachandra Rao, alikuwa akimpa fedha kidogo za kujikimu, na Ramanujan akaona haya kuendelea kula bila kufanya kazi. Machi 1912 akaajiriwa kuwa karani katika idara ya hesabu ya Bandari ya Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa ile inayojulikana katika kila bandari ya bahari hii, ya vitabu vya mapato, mizigo na ushuru. Alibahatika kuwa na wakubwa wenye macho. Narayana Aiyar, mhasibu mkuu, alikuwa mwanahisabati naye, na jioni waliketi pamoja na vibao vyao. Mkuu wa bandari, Francis Spring, aliwafanya wakubwa wa serikali wasikie habari za karani huyo.

Januari 16, 1913, Ramanujan alimwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo cha Trinity, Cambridge. Wanazuoni wengine wawili wa Cambridge walikuwa wameletewa kazi yake bila kumsaidia. Si vigumu kuelewa kwa nini: barua inatoka koloni la mbali, mwandishi ni karani, na ndani yake mna kanuni zaidi ya 100 zisizo na uthibitisho, baadhi zikijulikana tayari, baadhi zikiwa na makosa, na nyingine zisizofanana na kitu chochote kilichopata kuonekana Ulaya. Hardy alikaa nazo jioni nzima pamoja na mwenzake J. E. Littlewood. Wakaamua kwamba mwandishi hakuwa laghai, kwani hakuna laghai ambaye angekuwa na uwezo wa kuzibuni. Jibu la Hardy lilifika likiwa na sifa nyingi na ombi moja: atume uthibitisho.

Ili autoe uthibitisho ilimpasa avuke bahari, na kwa Mbrahmini wa kizazi chake kuvuka bahari kulikuwa ni kujichafua na pengine kutengwa na jamaa. Mama yake alikataa. Baadaye akaridhia, akisema kwamba mungu wao wa nyumbani, Namagiri, alimjia ndotoni na kumwonya asimzuie mwanawe. Machi 17, 1914, Ramanujan akapanda meli Nevasa katika bandari ileile alimokuwa akiandika vitabu vya ushuru. Kishungi cha nywele kilichokuwa alama ya dini yake kilikuwa kimekatwa, na miguu iliyozoea ndara ilibanwa na viatu vya Kizungu. Janaki alibaki na mama mkwe. Meli ilifika London Aprili 14. Miezi mitatu na nusu baadaye vita vikuu vya kwanza vya dunia vikaanza, na nusu ya vijana wa Cambridge wakaenda vitani.

Katika miezi hiyo ya vita Ramanujan aliandika kazi yake ndefu kuliko zote zilizochapishwa uhaini mwake, juu ya namba zenye vigawo vingi. Wazo lenyewe linaweza kuelezwa kwa mtu yeyote anayejua kugawa. Chukua kila namba na uhesabu vigawo vyake. Namba 12 ina vigawo sita, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko 12 yenye vigawo vingi kiasi hicho. Kwa hiyo 12 imevunja rekodi. Rekodi hiyo inavunjwa na 24 yenye vigawo vinane, kisha 36, 48, na 60 yenye vigawo 12. Zinafuata 120, 180, 240, 360 na kuendelea bila mwisho, zikizidi kuadimika kadiri mtu anavyosonga mbele. Hizi ndizo alizozifuata Ramanujan, zile zinazozipita kwa vigawo zote zilizozitangulia.

Watu walikuwa wakizitumia kabla ya kuzipa jina. Mchana una saa 12 na usiku saa 12, siku nzima 24. Saa moja ina dakika 60. Dira ya nahodha ina nyuzi 360. Wababeli waliohesabu kwa sitini hawakuchagua kwa kubahatisha. Mgriki Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alitaka mji wake wa kufikirika uwe na kaya 5,040, kwa sababu namba hiyo hugawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, na kwa nyingi nyinginezo. Vigawo vyake ni 60. Namba hiyo ya 5,040 itarudi tena katika habari hii.

Ramanujan hakutosheka kuziorodhesha. Alitaka kujua zimeumbwaje. Kila namba isiyo tasa hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama jahazi linavyojengwa kwa mbao: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Alithibitisha kwamba namba inayovunja rekodi haiwezi kuruka ubao. Ikiwa ndani yake mna 7, lazima mna 5, 3 na 2 pia. Sababu ni nyepesi ukishaonyeshwa: iwapo namba ina 7 lakini haina 5, iondoe 7 uweke 5 mahali pake. Idadi ya vigawo itabaki ileile, ila namba yenyewe itakuwa imepungua, na hivyo ile ya kwanza haikuwa imevunja rekodi yoyote. Kwa hoja ya jinsi hiyohiyo, 2 lazima itokee mara nyingi kuliko 3 au sawa nayo, 3 vivyo hivyo mbele ya 5, na kuendelea. Tena akaonyesha kwamba namba tasa ya mwisho katika msururu hutokea mara moja tu, isipokuwa katika namba mbili, 4 na 36. Hadi hapo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kumfuata. Alikoelekea baada ya hapo, kukadiria umbali kati ya rekodi moja na nyingine, ni wachache walioweza.

Katika makala hiyo aliweka jedwali la namba 102 za namna hii, zilizohesabiwa kwa mkono. Ya mwisho ni 6,746,328,388,800, namba yenye tarakimu 13. Ukiivunja, utakuta 2 mara sita, 3 mara nne, 5 mara mbili, 7 mara mbili, kisha 11, 13, 17, 19 na 23 mara moja moja. Kujua idadi ya vigawo vyake hakuhitaji kuviandika kimoja kimoja. Huchukuliwa idadi ya mara ambazo kila namba tasa imetokea, ikaongezwa moja, na matokeo yakazidishwa: 7 mara 5 mara 3 mara 3, kisha mara 2 kwa mara tano. Jibu ni 10,080. Hakuna namba iliyo chini ya hiyo yenye vigawo vingi kama hivyo. Na kwa nasibu njema, 10,080 ni idadi ya dakika zilizomo katika wiki moja, tena nayo ni mojawapo ya zile zilizomo katika jedwali lenyewe, ikiwa na vigawo 72.

Jedwali lina pengo moja. Namba 293,318,625,600 ilistahili kuwemo, na haimo. Ina vigawo 5,040, ile namba ya Plato. Cha ajabu ni kwamba ukiizidisha kwa 23 unapata ileile ya mwisho ambayo Ramanujan aliiandika. Mzazi kasahauliwa na mtoto kaandikwa. Ni kosa moja katika kazi ya mtu aliyekuwa na kalamu na kichwa chake tu, na waliokuja baadaye ndio waliolibaini. Kwa baadhi ya wasomaji wake kosa hilo linamleta karibu zaidi kuliko sifa zote alizopewa.

Makala ilichapishwa mwaka 1915 na Chama cha Hisabati cha London, ikiwa na kurasa zaidi ya 60. Haikuwa nzima. Chama kilikuwa na shida ya fedha, na sehemu ya mwisho ikaachwa, ikabaki katika karatasi.

Machi 1916 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada kwa utafiti, makala hiyo ikiwa ndiyo msingi wake. Yule aliyeshindwa mitihani ya Kumbakonam na Madras akawa mhitimu. Mwezi huohuo Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno, na Aprili askari wa Kireno walivuka kutoka upande wa Palma wakaichukua Kionga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma na kuingia kusini, na wapagazi wa nchi hizi wakabebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomfikia Ramanujan mezani. Hakula nyama wala samaki, hakula chakula kilichopikwa na mtu asiye wa tabaka lake, na meli zilizokuwa zikileta vyakula Uingereza zilikuwa zikizamishwa. Alijipikia mwenyewe chumbani, mara nyingi mara moja kwa siku, wakati mwingine alfajiri baada ya kukesha na hesabu.

Mwaka 1917 aliugua. Madaktari wengi walisema ni kifua kikuu, akahamishwa kutoka nyumba moja ya wagonjwa hadi nyingine, katika baridi na vyakula vilivyomshinda kumeza. Barua kutoka nyumbani zilikuwa chache. Mama yake na Janaki hawakupatana. Barua za mume na mke zilizuiwa njiani na mama mkwe, na binti akaondoka kwenda kwa kaka yake. Ramanujan hakuelezwa, akadhani amesahauliwa. Mapema mwaka 1918 alijaribu kukatisha maisha yake mjini London, akaokolewa. Mei mwaka huohuo akawa Mhindi wa pili katika historia kuingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza, na Oktoba akawa Mhindi wa kwanza kufanywa mwanachama mwanazuoni wa Trinity. Heshima hizo zilimkuta kitandani.

Ni wakati huo ambapo Hardy alikwenda kumtazama katika mtaa wa Putney, akataja kwamba teksi aliyokuja nayo ilikuwa na namba 1729, ambayo aliiona haina ladha. Mgonjwa akamkatalia papo hapo. Hiyo, akaeleza, ndiyo namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa kujumlisha kipeo cha tatu cha namba mbili kwa njia mbili: 1 na 12 upande mmoja, 9 na 10 upande wa pili. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama muujiza. Huenda ni sahihi zaidi kusema kwamba Ramanujan alikuwa amekwisha kupita huko. Namba hizo zimo katika madaftari yake.

Vita vilipokwisha alirejea India, Machi 1919, akiwa amekonda. Janaki, sasa mwanamke wa umri wa miaka kama 19 au 20, alimuuguza. Hata hivyo hakuacha kuandika. Januari 1920 alimpelekea Hardy barua ya mwisho juu ya aina mpya ya hesabu aliyoigundua, ambayo wanahisabati walihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 80 kabla ya kuielewa vizuri. Alifariki Aprili 26, 1920. Uchunguzi wa kumbukumbu za ugonjwa wake uliochapishwa mwaka 1994 ulidai kwamba hakikuwa kifua kikuu, bali amiba iliyofika kwenye ini, maradhi ya kuharisha damu aliyoyabeba kutoka nyumbani, ambayo hata wakati ule yalikuwa na dawa. Watu wa ukanda huu wa pwani wanayajua.

Baadhi ya karatasi zake zilihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwaka 1976 Mmarekani George Andrews alikuta rundo lake katika maktaba ya Trinity, kurasa zaidi ya 100 za kazi ya mwaka wa mwisho, ambazo hakuna aliyekuwa akizishughulikia. Wakati huo Mfaransa Guy Robin alikuwa bado hajatoa ugunduzi wake wa mwaka 1984. Robin alichukua jumla ya vigawo vya namba, akaweka kikomo kinachotegemea ukubwa wa namba yenyewe, akathibitisha kwamba fumbo la Bernhard Riemann la mwaka 1859, ambalo hadi leo halijafumbuliwa, ni sawasawa na kudai kwamba hakuna namba iliyo zaidi ya 5,040 inayokifikia kikomo hicho. Ni 5,040 ileile. Na sehemu ile ya makala ya 1915 iliyoachwa kwa uhaba wa fedha, ilipofunguliwa, ilionekana kwamba Ramanujan alikuwa amekwisha kuikanyaga njia hiyo.

Janaki aliishi miaka 74 baada ya mumewe. Alijifunza kushona, akajitafutia riziki kwa cherehani mjini Madras, akamlea mtoto wa kumpanga. Aliahidiwa kwamba mumewe angewekewa sanamu, na uzeeni akalalamika kwamba hakuiona; wanahisabati wa nchi mbalimbali wakachanga, na katika miaka ya 1980 sanamu ya kichwa na mabega ikaletwa nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, Jean-Louis Nicolas na Guy Robin walizichapisha kurasa zilizobaki za makala juu ya namba zenye vigawo vingi, katika jarida lenye jina la Ramanujan.